Kabla ya Kuishangilia Methani, Uliza Kaboni Yake Imetoka Wapi

Mara ya kwanza nilipoumulika unga wa dioksidi ya titani ndani ya chombo chenye hewa ukaa na mvuke wa maji, nikitaka mwanga ugeuze hewa ukaa kuwa methani, kromatografu (kifaa cha kutenganisha na kupima gesi) ilichora kilele kidogo cha methani, nami nikaamini kwamba nimefaulu. Siku chache baadaye nilirudia jaribio lile lile nikiwa nimeweka agoni, gesi isiyo na kaboni, mahali pa hewa ukaa, na kilele kikatokea tena, karibu kwa kimo kile kile. Methani yangu ilitokana na mabaki ya kiyeyusho nilichotumia kutengeneza unga wenyewe.

Kosa hili hujificha kwa urahisi kwa sababu mavuno ya kazi hii ni haba mno. Semikondakta kama unga huu inapopigwa na mwanga wenye nishati inayozidi pengo lake, yaani nishati ya chini kabisa ya kuinua elektroni, elektroni huruka na kuacha tundu, lakini sehemu kubwa ya jozi hizo huungana tena kabla ya kufanya kazi yoyote. Na zile zinazosalia hugombaniwa, maana kuunda molekuli moja ya haidrojeni kutokana na maji huhitaji elektroni 2 tu, ilhali molekuli moja ya methani hudai 8. Tangu watafiti Inoue, Fujishima na wenzao walipochapisha matokeo yao ya kugeuza hewa ukaa kwa mwanga mwaka 1979, mavuno kwa kawaida yamekuwa yakihesabiwa kwa mikromoli (sehemu za milioni za moli, kipimo cha wingi wa molekuli), kiasi ambacho uchafu kidogo tu unaweza kukitoa.

Kwa hiyo, usafishe unga kwanza kwa kuuchoma katika oksijeni ikiwa unahimili joto, kisha ufanye majaribio matatu ya kulinganisha: gizani, bila unga, na bila hewa ukaa. Methani isipotokea katika hayo, tumia hewa ukaa yenye kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, na uangalie kwa spektromita ya masi, kifaa kinachopima masi ya molekuli, kama bidhaa ina kaboni hiyo. Hapo nakuonya: methani yenye kaboni hiyo ina masi 17, sawa na kipande cha molekuli ya maji, hivyo itenganishe na mvuke kabla ya kuipima. Mimi binafsi huepuka trietanolamini, kemikali inayowekwa ili itoe elektroni badala ya maji, kwa kuwa yenyewe ina kaboni na huvunjika mbele ya mwanga.

Hamu ya kukimbilia semikondakta yenye rangi, inayonasa mwanga unaoonekana, naielewa, kwani dioksidi ya titani yenye pengo la elektronivolti 3.2 (kipimo cha nishati) hunasa miale ya urujuanimno pekee, lakini hiyo ni kazi ya baadaye. Pima oksijeni kwanza. Iwapo elektroni zimetoka kwenye maji, kila molekuli 1 ya methani sharti iambatane na 2 za oksijeni, nami katika jaribio langu la mwanzo sikuwa nimepima oksijeni kabisa.