Jina la Kusindikiza Lisifike kwa Mteja

Kazi yetu ni kuwatungia wateja majina ya bidhaa, na nimeletewa tena orodha ya majina kumi ambayo saba yamewekwa ili matatu yaonekane mazuri. Nikauliza, mteja akichagua mojawapo ya hayo saba je? Wakacheka. "Hawezi, bosi." Anaweza, wadogo zangu. Tena anaweza sana. Basi ngoja niyaandike haya, nisiwe naimba wimbo uleule kila kikao.

1. Someni maelekezo ya mteja kabla hamjafungua kamusi ya Kilatini. Usipojua bidhaa inamlenga nani na washindani wanaitwaje, unatunga mashairi. Na njia ya mashairi ilishajaribiwa: mwaka 1955 Ford walimwomba mshairi Marianne Moore awapendekezee jina la gari jipya, naye miongoni mwa mengi akawapa "Utopian Turtletop". Wakayakataa yote, gari wakaliita Edsel, jina la mtoto wa Henry Ford, na kufikia 1959 wakaacha kulitengeneza. Lile la kasa, yaani "turtle", nalipenda mpaka leo. Kwa mteja nisingelipeleka.

2. Jina la kubuni kabisa hulindika kisheria kuliko jina linaloeleza bidhaa. George Eastman, mtengeneza kamera, alisajili Kodak mwaka 1888. Neno halikuwa na maana yoyote, yeye aliipenda tu herufi K. Intel, watengenezaji wa vichakato vya kompyuta, nao walishindwa mahakamani kuifanya namba 386 ya kichakato chao kuwa mali yao, ndiyo maana mwaka 1993 hatukupata 586 bali Pentium, kazi ya wenzetu wa Lexicon, kampuni ya kutunga majina.

3. Jina usilolitaka lisitoke ofisini. Hapa mnivumilie.

Mteja alikuwa msambazaji wa vifaa vya ofisini. Tulikuwa na majina matatu safi, yamepita kwa mwanasheria, yametamkwa mpaka tumeyachoka. Usiku wa kuamkia wasilisho nikaiona orodha nyembamba, kana kwamba hatujafanya kazi. Nikarudi kwenye yale yaliyotupwa, nikaokota mawili ya kusindikiza. Moja lilikuwa neno la ofisi lililogandishwa na neno la haraka. Sikulipeleka kwa mwanasheria. Nani angelichagua?

Kesho yake nikalieleza chaguo langu kwa mapenzi yote: asili yake, sauti yake, litakavyokaa kwenye nembo. Lile la kuokota nikalipitia nusu sentensi. Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Hilo hapo. Hilo hata mama yangu ataelewa." Vichwa vyote vikaitikia.

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ningesema tu kwamba hilo bado halijachunguzwa. Lakini ningeonekanaje, nimewawekea watu wanaonilipa kitu ninachokidharau mwenyewe? Nikatabasamu. Nikasema ni chaguo zuri.

Jibu la msajili wa alama za biashara lilipofika, maboksi yalishachapwa. Jina linaeleza bidhaa tu, halisajiliki. Na kulikuwa na wafanyabiashara wengine wanaotumia majina yanayokaribia kabisa hilo, ambao mteja wetu hakuwa na namna ya kuwazuia. Mkurugenzi hakufoka. Aliuliza tu: "Kama ulijua ni bovu, ulilileta kwa nini?" Kazi tuliirudia bure, na baada ya hapo hakutuita tena. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yeye hakukosea. Alichagua lililoeleweka upesi, kama wateja wote, nami ndiye niliyelitia kwenye orodha.

Kwa hiyo orodha ikiwa na majina matatu, peleka matatu. Ukiona aibu, ongeza usingizi.

4. Tafuteni kwa sikio pia. Alama za biashara hulinganishwa kwa mwonekano, matamshi na maana, kwa hiyo kubadilisha C kuwa K hakukuokoi. Madaraja ya Nice, yaani makundi ya kimataifa ambamo alama husajiliwa, yako 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Usichungulie moja ukafunga kompyuta. Halafu lisemeni jina kwenye simu, mtu wa upande wa pili aliandike. Jeff Bezos alianza na Cadabra, mwanasheria wake akasikia "cadaver", yaani maiti. Tukapata Amazon.

5. Msimuulize mteja "umelipenda?" Muulizeni kama linafanya kazi aliyoiagiza.

6. Ile hadithi kwamba Chevrolet Nova ilikosa wanunuzi kwa kuwa "no va" kwa Kihispania ni "haiendi", naomba iondoke kwenye mawasilisho yenu. Gari liliuzwa vizuri tu Mexico na Venezuela, na siku moja mezani atakuwepo anayelijua hilo. Mkitaka mfano wa kweli, Mitsubishi Pajero kwenye masoko ya Kihispania iliitwa Montero. Sababu mwulizeni mtu anayekijua Kihispania, ila msimwulize mbele ya mteja.