Mitego imejaa nzi, maembe bado yana funza: usiongeze mitego

Ndugu uliyeuliza kutoka Rufiji, umeeleza kwamba umetundika mitego sita yenye chambo cha methili yujenoli kwenye miembe yako, kila wiki unamwaga mamia ya nzi wa matunda, na bado dodo zikipasuliwa hukutwa na funza. Ukauliza kama ufikishe mitego kumi na miwili. Jibu langu ni hapana. Mimi huku Mkuranga nilikwisha kuifikisha kumi na miwili, na msimu ule wanunuzi walikataa maembe mengi kuliko msimu uliotangulia.

Chambo hicho huvuta madume peke yao. Nzi wote unaowamwaga hawatagi yai hata moja, na kwa kuwa dume mmoja hupanda majike kadhaa, wachache watakaoukwepa mtego wanatosha kuendeleza kizazi. Kuwamaliza madume huleta nafuu pale mashamba mengi yanayopakana yanapofanya kazi hiyo kwa pamoja. Shamba la ekari tatu lililozungukwa na mipera na miti ya mikungu ya watu wengine litaendelea kupokea majike waliokwisha kupandwa huko watokako.

Nzi huyu anayejaa mitegoni, Bactrocera dorsalis, ni mgeni; asili yake ni Asia, na aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Ukikuta kijitabu cha zamani kinachomwita Bactrocera invadens, jina alilopewa mwaka 2005, usidhani ni mdudu mwingine, kwani mwaka 2015 wataalamu walikubaliana kwamba ni spishi ileile. Nzi wetu wa asili wa maembe, ambao mabawa yao yana mabaka, hawavutwi na chambo hiki, kwa hiyo mtego mtupu hauna maana kwamba shamba ni salama. Mimi huchukua maembe machache yenye alama za kudungwa, nikayaweka kwenye ndoo yenye mchanga, nikaifunika kwa kitambaa cha chandarua na kusubiri wiki tatu hivi ili nione nzi gani watatoka.

Mitego yako sita usiitupe, ila itumie kama kipimo. Itundike kivulini ndani ya matawi, na waya wake uupake grisi, la sivyo sisimizi watakula nzi kabla hujawahesabu. Jumla ya nzi igawe kwa idadi ya mitego, kisha kwa idadi ya siku: nzi 840 katika mitego sita kwa siku saba ni nzi 20 kwa mtego kwa siku. Namba moja peke yake haisemi mengi. Mimi huangalia mwendo wake, na ikipanda wiki mbili mfululizo baada ya mvua za vuli kuanza, najua kwamba maembe yanayokaribia kukomaa yamo hatarini.

Kilichonisaidia kweli ni kazi ambayo vibarua hawaipendi, yaani kuokota maembe yaliyoanguka. Jike hutaga chini ya ganda, mayai huanguliwa baada ya siku chache, na funza wakishiba hutoka ndani ya tunda na kujichimbia udongoni sentimita chache tu ili wawe pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi. Embe lililoachwa chini ya mwembe kwa wiki moja limekwisha kuwakabidhi udongoni, na ukiliokota wakati huo umeokota ganda tupu. Kwa sababu hiyo tunaokota mara mbili kwa wiki, na maembe yaliyooza tukiyakuta bado mtini tunayachuma pia. Zamani nilikuwa nayafukia kwa kina cha jembe moja, nikidhani nimemaliza kazi, kumbe nzi wachanga wana uwezo wa kupenya udongo mwepesi kama huu wetu wa kichanga. Ukifukia, shimo lizidi nusu mita. Siku hizi nayafunga ndani ya nailoni nzito nyeusi na kuyaacha juani hadi funza wote wafe kwa joto.

Majike nawashughulikia kwa chambo cha protini kilichochanganywa na sumu, kwa sababu wanahitaji protini ili mayai yao yapevuke. Hakuna haja ya kuogesha mti mzima. Napuliza sehemu moja ndogo ya majani ya kila mwembe, upande wa chini, kila wiki, nikianza matunda yakiwa bado madogo. Mvua ikikiosha narudia, na hapo ndipo gharama inapouma.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, nimewaacha wajenge viota vyao. Wenzetu wa korosho wanajua majimoto wanavyofukuza mbu wa mikorosho, yaani wadudu wanaofyonza mikorosho, na kwenye maembe harufu wanayoiacha juu ya tunda huwafanya nzi majike wasite kutaga. Wachumaji wangu wanalalamika kwamba wanaumwa, na wana haki, kwa hiyo tunachuma asubuhi mapema na kuwalipa zaidi kidogo kwa miti hiyo.

Fedha uliyotenga kwa mitego sita mipya, mlipe kijana wa kuokota maembe hadi mwisho wa msimu, na umwombe jirani mwenye mipera amruhusu kijana huyo aokote na kwake pia. Mimi jirani yangu alikubali baada ya kumpasulia mapera matano mbele ya macho yake, na manne kati ya hayo yalikuwa na funza wanaorukaruka.