Bakteria wa kipindupindu haingii kwenye nyama ya utumbo, sasa maji yanaisha vipi?

SWALI: Dokta shikamoo. Kipindupindu kilipita mtaani kwetu mdogo wangu akalazwa, nesi akanambia huyu bakteria haingii hata kwenye nyama ya utumbo, anakaa juu juu tu. Sasa anammalizaje mtu maji hivyo? Na mbona alipewa antibayotiki bado akaendelea kuhara? Halafu bibi anakataza kumnywesha, eti unamwongezea. Msomaji, Temeke.

JIBU: Marahaba. Nesi kakwambia kweli kabisa, bakteria anajishikiza juu ya utumbo mwembamba basi, kazi yote inafanywa na sumu anayoimwaga. Daktari Mjerumani Robert Koch alishamtangaza bakteria huyu mwaka 1884 lakini habari ya sumu ilichelewa, mpaka 1959 ndo mtafiti S. N. De wa Calcutta, India, akaonyesha kwamba ukichuja bakteria wote ukabaki na yale maji waliyokulia tu, ukiyatia kwenye utumbo wa sungura unajaa maji vilevile.

Hiyo sumu ina vipande sita, vitano vinafanana vimejipanga duara, cha sita ndo chenye madhara. Vile vitano kazi yake kushika tu. Juu ya seli za utumbo kuna mafuta fulani yenye sukari kichwani, yanaitwa GM1, ni ya mwili wenyewe wala hayakuwekwa pale kwa ajili ya sumu, sasa kila kipande kinadaka sukari yake, kimoja kikiachia vinne bado vimeng'ang'ania, ndo maana haibanduki kirahisi. Seli nayo inakunja utando wake inaimeza, maana kumeza vitu ndo kawaida yake.

Hapa ndo penye utundu (nisamehe, najua ni mgonjwa wako). Sumu haiendi kule vitu vinakosagwa, inarudi kinyumenyume mpaka sehemu ambayo seli inatengenezea protini zake. Pale kuna ukaguzi, protini iliyokunjwa vibaya inasukumwa nje ikateketezwe. Kile kipande kibaya kinajitenga na wenzake, kinajikunjua kikafanana na protini mbovu, kinasukumwa nje, yaani seli yenyewe ndo imekifungulia mlango! Na kuteketezwa hakiteketezwi, kwasababu alama ya kuteketeza inabandikwa kwenye asidi amino inayoitwa lisini na chenyewe kinazo chache mno.

Kikishatoka kinaikwamisha protini moja inayofanya kazi ya swichi, inabaki imewaka haizimiki. Kemikali ya cAMP inapanda ndani ya seli, milango ya kloraidi inaachwa wazi, chumvi inamwagikia kwenye utumbo na maji yanaifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa.

Antibayotiki inaua bakteria, kwahiyo sumu mpya inakoma na siku za kuhara zinapungua, ila iliyoshaingia kwenye seli haiigusi. Hiyo seli itaendelea kumwaga maji mpaka ibanduke izaliwe nyingine, kwenye utumbo ni siku chache.

Sasa bibi, mwambieni kwa heshima zote kwamba hapo hapana. Kuna mlango mwingine kwenye seli hizohizo unaoingiza chumvi na glukosi kwa pamoja, na huo sumu haijauharibu. Ndo maana ORS, ile dawa ya unga ya kukoroga na maji kwa anayehara, ina vyote viwili, vikiingia vinavuta maji. Maji matupu hayatoshi, na soda msimpe kabisa, sukari yake nyingi inavuta maji kuyarudisha utumboni. Ni kweli ataendelea kuhara na bibi ataona dawa haifanyi kazi, ila kinachoingia ndo kinamweka hai. Pakiti ya lita moja ikorogwe kwenye lita moja ya maji salama, kama hamna pakiti wekeni kwenye lita hiyohiyo moja vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha sio vya kurundika. Akitapika subirini kama dakika kumi muanze tena kidogo kidogo, na safari ya hospitali iende hukohuko njiani anakunywa, msingoje kwanza apate nafuu nyumbani.