Unapomnukuu mtu kwenye Kiingereza rasmi, kitenzi chako kinasema kitu

Mkuu, umeeleza kwamba msimamizi amekurudishia sura ya pili ikiwa na miduara myekundu kwenye kila "according to", na umeomba orodha ya maneno ya kubadilishia. Orodha nitakupa, ila naomba kwanza usome yaliyonipata mimi na orodha ya namna hiyo.

Nilipoandika tasnifu yangu kwa Kiingereza nilikuwa nayo mezani: argues, claims, admits, suggests, shows. Kila aya nachukua neno jipya, nisije nikarudia. Rasimu iliporudi, pembeni mwa "claims" msimamizi aliandika: "Humwamini?" Pembeni mwa "admits": "Alikuwa anaficha nini?" Niliumia, kwa sababu mwandishi yule ndiye niliyemtegemea kwenye hoja nzima.

Jambo lenyewe kwa Kiswahili tunalijua bila kufundishwa. Ukisoma kwenye gazeti "mshtakiwa adai alipigwa", unaelewa mara moja kuwa mwandishi wa habari hajathibitisha kitu. "Claims" ina ladha hiyo hiyo. Na "admits" si kukubali tu, ni kukiri, tena kukiri jambo lisilompendeza anayekiri. Mtu akikubaliana na mwenzake ni "agrees". Akiipa hoja ya upande wa pili haki yake huku bado anashikilia msimamo wake, ni "concedes". Ukiandika "points out" au "notes", umeshamwambia msomaji kwamba jambo hilo wewe pia unalichukulia kuwa kweli. "Shows" na "demonstrates" zinakwenda mbali zaidi: unatamka kuwa ushahidi umetosha. Data zikielekea mahali lakini hazijafika, tumia "suggests". Mtu akijenga hoja ambayo wengine wanaipinga, "argues".

Kwa hiyo, kabla hujachagua kitenzi, amua kwanza unamwonaje huyo mwandishi. Mimi nilikuwa nachagua neno kabla sijaamua, na hapo ndipo nilipoharibu.

"According to" yenyewe haina kosa. Inaeleza kauli ni ya nani, basi. Ukiiweka kila mahali, msomaji anabaki anajiuliza wewe umesimama wapi. Halafu angalia usije ukaandika "According to Swales, he says that..." Hiyo inatokana na "kwa mujibu wa fulani, anasema kwamba", ambayo masikioni mwetu inapita. Kwenye Kiingereza umemtambulisha mtu mara mbili, futa mojawapo.

Nimemtaja John Swales kwa sababu kitabu chake cha 1990 kuhusu uandishi wa kitaaluma kilinifaa kuliko orodha yoyote. Anatenganisha nukuu ambamo jina la mwandishi ni sehemu ya sentensi, na ile ambayo jina linakaa kwenye mabano tu. Ukiandika "Swales distinguishes two types of citation", msomaji anamtazama Swales. Ukiandika "Citations are of two types" kisha jina na mwaka vikafuata kwenye mabano, anatazama jambo lenyewe. Pitia sura yako kwa jicho hilo. Pale ambapo mtu mwenyewe hana umuhimu, mpeleke kwenye mabano, na "according to" nyingi zitaondoka bila hata kutafutiwa mbadala.

Wakati wa kitenzi unategemea mwongozo mnaotumia. APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani) wanataka wakati uliopita au timilifu, "found" au "has shown". MLA (chama cha wanaofundisha lugha na fasihi) wanatumia wakati uliopo, "argues", hata kama mwandishi alishafariki zamani.

Umeuliza pia kuhusu "see" na "cf." Hapa wengi tunateleza. "See" ni sawa na "taz." yetu: nenda ukasome, kunaunga mkono. "Cf." inatoka kwenye neno la Kilatini confer, yaani linganisha, kwa hiyo inafaa pale chanzo kinaposema kitu tofauti kidogo au kinapolitazama jambo kwa upande mwingine. Wanasheria wa Marekani ni wakali zaidi kwenye hili. Kwa mujibu wa Bluebook, mwongozo wao wa kutaja vyanzo, chanzo kinachosema wazi jambo ulilolisema hakitanguliziwi neno lolote. "See" ni pale msomaji anapohitaji hatua ndogo ya kufikiri ili aone uhusiano. "But see" ni chanzo kinachokupinga.

Alama ni jambo fupi: baada ya "argues that" usiweke koma, baada ya sentensi iliyokamilika weka nukta mbili ndipo nukuu ifuate, na usiache nukuu isimame peke yake bila sentensi yako kuishika.

Weka hapa aya moja kati ya zile zenye miduara, kama ilivyo. Tuanze na vitenzi vyake.