Maswali ya Wasomaji: Misitu ya Machipuko na Maduara ya Mawe ya Uingereza

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji wetu wanaoishi Uingereza watuletee maswali kuhusu matembezi ya mashambani katika majira ya machipuko. Barua nyingi ziligusa mambo mawili: maua ya msituni yanayochanua mwezi Aprili na Mei, na maduara ya mawe ya kale. Tumechagua tano.

SWALI: Kwa miaka mingi nimepita karibu na Stonehenge kwa gari bila kusimama. Hivi karibuni nimesikia kwamba mawe yake yalitoka msituni. Je, ni kweli? Na je, msitu huo unaweza kutembelewa kwa miguu pamoja na duara la mawe katika siku moja? *Msomaji, Reading*

JIBU: Ni kweli, na swali lako limenifurahisha kwa sababu watu wengi huyatazama mawe haya bila kujiuliza yalikotoka. Msitu huo unaitwa West Woods. Uko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Marlborough, katika mkoa wa Wiltshire, na umbali wa kilomita 25 hivi kaskazini mwa Stonehenge. Mawe makubwa ya Stonehenge ni ya aina inayoitwa saseni, yaani mchanga wa kale ulioshikamanishwa na silika hadi ukawa mwamba mgumu sana, na kwa wastani jiwe moja lina uzito wa tani zipatazo 20.

Jinsi jambo hili lilivyogunduliwa inastahili kusimuliwa. Mwaka 1958, mafundi waliokuwa wakiimarisha jiwe mojawapo lililokuwa na nyufa walilitoboa kwa keekee, wakatoa kipande chembamba cha mviringo chenye urefu unaozidi mita moja. Mmoja wa wafanyakazi hao, Robert Phillips, alikihifadhi kipande hicho, akahama nacho hadi Marekani, na mwaka 2018 akakirudisha Uingereza. Kwa kuwa kipande hicho kilikuwa kimekwisha kutolewa katika jiwe, wanasayansi wakiongozwa na David Nash wa Chuo Kikuu cha Brighton waliweza kukipima kemikali zake kwa undani bila kuliharibu jiwe lenyewe. Waliyapima pia mawe mengine pale pale yalipo, kwa vifaa visivyoyakwaruza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba saseni 50 kati ya 52 zilizosalia Stonehenge zina asili moja, na kwamba asili hiyo inalingana na mawe ya West Woods.

Ukifika huko mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, utakuta sakafu yote ya msitu imefunikwa na maua ya blubeli, yenye rangi ya buluu inayokaribia zambarau, chini ya miti mirefu ya bichi. Wakati wa maua haya ni mfupi, nao una sababu yake. Blubeli huishi kwa tunguu lililo ardhini. Majani yake huchomoza kabla majira ya baridi hayajaisha kabisa, hukusanya mwanga wa jua unaofika chini kwa sababu miti bado haina majani, kisha mmea huchanua na kuhifadhi chakula katika tunguu kabla bichi hazijafunga paa la msitu. Kuanzia Juni msitu huo huwa na kivuli kizito, na mgeni asingeweza kuamini kilichokuwapo wiki chache zilizopita. Kwa hiyo usiahirishe safari yako.

Kuhusu njia, ninapendekeza uanzie msituni na kumalizia kwenye mawe, kwa kuwa ukitembea hivyo utafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kwanza utaona mahali mawe yalipolala, kisha utaona watu walichoyafanyia. Panda treni hadi Swindon, kisha basi hadi Marlborough, utembee hadi West Woods. Kutoka msituni teremka hadi kijiji cha Lockeridge, ambako bondeni utaona saseni nyingi zilizolala majanini kama asili ilivyoziacha. Vuka barabara kuu ya A4 kwa uangalifu, kwa maana magari yake huenda kasi, kisha panda hadi hifadhi ya Fyfield Down. Huko mawe ni mengi zaidi, na wenyeji wa zamani waliyafananisha na kondoo waliolala malishoni. Ukiyatazama kwa mbali siku yenye ukungu utakubaliana nao. Mbele kidogo utakutana na Ridgeway, njia ya kale inayopita juu ya vilima vya chaki kwa kilomita 139 hadi Ivinghoe Beacon. Ukiivuka na kuendelea magharibi utateremka moja kwa moja hadi Avebury, kijiji chenye duara lake la mawe. Kutoka msituni hadi hapo ni zaidi ya kilomita 10, kwa hiyo jitengee siku nzima, ubebe chakula na maji.

Kwa makusudi sikukuelekeza Stonehenge. Stonehenge ni kazi kubwa ya mikono ya binadamu, lakini kwa kawaida mgeni huizunguka kwa mbali kwenye njia iliyowekewa kamba. Avebury ndilo duara kubwa kuliko yote ya mawe duniani, lilijengwa kati ya miaka ya 2850 na 2200 K.K. hivi, halina kiingilio, na utatembea katikati ya mawe yenyewe huku kondoo wakila majani kando yako. Duara la nje lina upana wa mita zaidi ya 330, na sehemu ya kijiji imo ndani yake. Simama kwanza ukingoni mwa handaki linalolizunguka. Lilichimbwa katika mwamba wa chaki kwa pembe za kulungu, na hapo awali lilifikia kina cha mita 9 hivi. Udongo wa karne nyingi umelijaza zaidi ya nusu, na bado linashangaza.

SWALI: Mimi nilizaliwa Kilifi, na nililelewa nikijua kwamba mtu haingii katika msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, bila idhini ya wazee, wala hakati hata kijiti. Nikitembelea mawe haya ya Waingereza huona watu wakiyashika, wakiyaegemea, hata wakiyapanda. Je, hayana heshima yake? *Msomaji, Luton*

JIBU: Malezi yako yamekupa jicho zuri. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na sehemu kubwa ya thamani yake ni kwamba bado zina wenyewe, kwa maana wapo wazee wanaojua miiko yake na wanaoweza kumwambia mgeni apite wapi. Avebury na Stonehenge, zilizoingia katika orodha hiyo mwaka 1986, hazikurithishwa hivyo. Waliozijenga hawakuacha maandishi, na mnyororo wa mafundisho yao ulikatika maelfu ya miaka iliyopita. Wapo leo watu wanaokusanyika hapo kwa ibada, hasa siku ndefu na siku fupi kuliko zote za mwaka, lakini ibada zao ni za nyakati za karibuni.

Kukosa wazee kumeyagharimu sana mawe hayo. Katika karne ya 14 wanakijiji wa Avebury waliyaangusha mengi na kuyafukia. Mwaka 1938 mifupa ya mwanamume mmoja ilipatikana chini ya jiwe mojawapo, akiwa na sarafu za zama hizo pamoja na mkasi, na ndiyo maana wengi humtaja kuwa alikuwa kinyozi na tabibu. Katika karne za 17 na 18 mambo yalikuwa mabaya zaidi: mawe yalichomwa moto, yakamwagiwa maji baridi hadi yakapasuka, na vipande vyake vikajengewa nyumba na kuta ambazo bado utaziona kijijini. William Stukeley, aliyeyachora na kuyaandika mawe hayo wakati uharibifu ukiendelea, alihuzunika sana. Mengi ya yale yaliyosimama leo yalisimamishwa upya na Alexander Keiller, tajiri aliyetumia mali ya familia yake kufukua na kurejesha duara katika miaka ya 1930. Mahali ambapo jiwe lilipotea kabisa, aliweka nguzo ndogo ya saruji.

Kwa hiyo heshima ipo, ila imeachwa mikononi mwa kila mgeni. Kuyagusa mawe ya Avebury hakukatazwi. Kuyapanda ni vibaya, kwa sababu kuvu na mwani vilivyoungana kuwa magamba ya rangi juu ya mawe hukua polepole mno, na soli moja ya kiatu hufuta kilichochukua miaka mingi. Kuwasha mishumaa, kuacha sarafu katika nyufa na kuchora kwa chaki ni uharibifu pia, hata kama nia ni njema. Tembea pale kama ulivyofundishwa kwenu.

SWALI: Watoto wangu hupenda kuchuma maua ya blubeli ili wanipelekee nyumbani. Tena msituni kuna majani mapana yenye harufu ya kitunguu saumu, na jirani yangu ameniambia kwamba yanaliwa. Je, vyote viwili vinaruhusiwa? *Mama wa watoto watatu, Milton Keynes*

JIBU: Blubeli zinalindwa na sheria ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981. Ni kosa kuzing'oa bila ruhusa ya mwenye ardhi, na tangu mwaka 1998 ni kosa pia kufanya biashara ya zile za porini. Mtoto aliyechuma ua moja hatapelekwa mahakamani, lakini ningekuomba uwazoeze kuyaacha. Ua lililochumwa hunyauka kabla hamjafika nyumbani, na mbegu ya blubeli huhitaji miaka mitano au zaidi kabla haijatoa ua la kwanza. Hatari kubwa zaidi ni miguu. Jani lililokanyagwa huvunjika na kushindwa kulisha tunguu, hivyo familia moja iliyoingia katikati ya maua kupiga picha huacha uwazi utakaoonekana kwa miaka kadhaa. Pigeni picha mkiwa njiani. Takriban nusu ya blubeli zote duniani ziko Uingereza, na pengo likitokea huko si rahisi kuzibwa kwingine.

Majani uliyoyataja ni ya kitunguu saumu mwitu, na jirani yako amesema kweli, kwamba yanaliwa. Kwa sheria za Uingereza mtu anaweza kuchuma majani ya porini kwa matumizi yake mwenyewe, isipokuwa katika hifadhi zilizopiga marufuku, lakini asing'oe mizizi. Tahadhari ni kwamba mimea miwili yenye sumu huota mahali pale pale kwa wakati ule ule: yungiyungi la bondeni, ambalo majani yake yanafanana sana na ya kitunguu hicho, na aramu mwitu, ambayo majani yake machanga huchomoza katikati ya vitunguu. Usifyeke fungu zima kwa mkupuo. Chuma jani moja moja, lisugue kwa vidole, ulinuse. Baada ya dakika kumi vidole vyako vyenyewe vitanuka kitunguu na pua haitakuwa shahidi wa kutegemewa, kwa hiyo macho ndiyo yawe mwamuzi wa mwisho. Ukiwa na shaka hata kidogo, acha.

SWALI: Ninapenda kutembea peke yangu, lakini njia nyingi hupita katikati ya mashamba ya watu. Siku moja mtu alinitazama kwa namna iliyonifanya nirudi nyuma. Nitajuaje kwamba ninaruhusiwa? *Msomaji, Bristol*

JIBU: Dada yangu, ikiwa ulikuwa kwenye njia ya umma, haki ya kupita ilikuwa yako kamili, sawa na ya huyo aliyekutazama, na sikupenda kusoma kwamba ulirudi nyuma. Uingereza na Wales zina njia za umma za takriban kilomita 225,000, na haki hiyo haimtegemei mwenye shamba akupende au asikupende. Watu waliipigania. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima Kinder Scout bila idhini ya wamiliki, na baadhi yao wakafungwa. Sheria ya mwaka 1949 ikazilazimisha halmashauri kuchora njia zote za umma katika ramani rasmi, na ile ya mwaka 2000 ikafungua nyanda na vilima vingi kwa watembea kwa miguu.

Nunua ramani ya Ordnance Survey yenye jalada la rangi ya chungwa, ya kipimo cha 1:25,000. Humo njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Uwanjani, mshale wa njano huonyesha njia ya waendao kwa miguu, na wa buluu huonyesha njia inayotumiwa pia na farasi na baiskeli. Mtu akikuuliza unakwenda wapi, msalimie na umwonyeshe ramani.

Ninachokuomba uogope zaidi ni ng'ombe wenye ndama, ambao ni wengi katika majira haya na wamewahi kuua watu. Usipite kati ya mama na mtoto wake. Zunguka mbali, kisha urudi njiani.

SWALI: Wiltshire ni mbali kwa sisi tunaoishi kaskazini. Je, hakuna duara la mawe lililo karibu nasi, ndani ya msitu hasa? *Msomaji, Sheffield*

JIBU: Lipo, tena ni zuri. Nenda Stanton Moor katika mkoa wa Derbyshire, ambako duara dogo liitwalo Nine Ladies limesimama katika uwazi uliozungukwa na miti ya mibetula. Ni la Zama za Shaba, la miaka kama 4,000 iliyopita. Hekaya yake husema kwamba wanawake tisa waligeuzwa mawe kwa kucheza ngoma siku ya Jumapili, ingawa jiwe la kumi lililokuwa limeanguka lilitambuliwa katika miaka ya 1970. Baada ya matembezi kagua miguu na makwapa ya kila mmoja wenu, kwa kuwa kupe huanza kuamka wakati huu na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Kupe ang'olewe kwa kibano chenye ncha nyembamba, akikamatwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole, na upele wa mviringo ukitokea na kupanuka katika wiki zinazofuata, mwone daktari na umweleze ulikotembea.