Kufukuzwa kwa kudai ovataimu

Pole sana dada. Kukutoa shamba la maua hapo Usa River kwa simu tu, eti umedai ovataimu, si halali, bosi awe mkubwa kiasi gani. Ila usikae kusubiri huruma ya meneja: una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) Arusha. Jaza fomu namba 1, nakala mpe mwajiri, asaini kupokea. Akigoma, itume kwa posta ya rejista, risiti tunza. Kama hukufikisha miezi sita kazini, dai la kuachishwa litakuwa gumu. Ovataimu, mara moja na nusu ya saa ya kawaida, bado ni yako. Na ile karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote", wanayoipenda sana, usiisaini kwa kupewa nauli.