Maswali ya Wasomaji: Sauti ya Pili Inagongana na Kinanda

SWALI: Kwaya yetu imenunua mashine ya efekti ili mwimbaji kiongozi apate sauti ya pili na ya tatu anapoimba ubeti peke yake. Nimeweka ipandishe nusu toni 4 (nusu toni ni hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani, vyeusi vikihesabiwa). Nota ya kwanza inakaa vizuri, mbele kidogo inagongana na kinanda. Je, ni mbovu?
Fundi mitambo wa kwaya, Majengo, Moshi

JIBU: Ni nzima. Umeiambia iongeze nusu toni 4 kwenye kila nota, nayo inatii. Tazama kwa solfa mnayoimba kila siku: do hadi mi ni nusu toni 4, kwa hiyo mwanzo unakubali. Re hadi fa ni 3 tu. Kiongozi akiimba re, mashine inatoa fa iliyopanda nusu toni, huku kinanda kimeshika fa yenyewe. Fa–la na so–ti ni 4, lakini mi–so, la–do na ti–re ni 3. Nota nne kati ya saba zinaharibika.

Toka hapo, ingia kwenye hamoni (sauti za kuambatana) inayofuata skeli, yaani ngazi ya do re mi ya wimbo. Chagua kii (nota iliyo do ya wimbo), kisha meja au maina, kisha hamoni ya nota ya tatu juu, kama do kwa mi au re kwa fa. Itajua yenyewe wapi iongeze 3 na wapi 4.

Sasa muulize mpiga kinanda transpozi yake (kitufe cha kupandisha au kushusha kinanda kizima kwa nusu toni) iko wapi. Akipiga vidole vya C na transpozi iko +2, kinachosikika ni D, na mashine inatakiwa iwekwe D. Hili huvuruga kwaya nyingi kuliko kosa lolote la mashine. Kama mwalimu hupandisha ubeti wa mwisho nusu toni, andaa kumbukumbu mbili za mashine (mipangilio iliyohifadhiwa) zinazofuatana, ya D na ya E flati, ubadilishe kwa kukanyaga mara moja. Bonyeza hifadhi kila unapomaliza. Umeme ukikatika kabla, kazi yote imepotea.

Maiki iwe ya mtu mmoja, sentimita 5 hivi kutoka mdomoni, na monita (spika inayomwelekea mwimbaji) ielekee mgongo wa maiki. Kinanda kikiingia humo, mashine haijui ifuate nini na hamoni inarukaruka. Geni (nguvu ya sauti inayoingia kwenye mashine) ipande mpaka taa ya kijani iwake vizuri, nyekundu isiwake hata kwenye nota ya juu kabisa. Hamoni ikae desibeli 6 hadi 9 chini ya kiongozi. Sauti ya tatu, ile ya ziada juu ya kiongozi na ya pili, tungeiacha kwanza mpaka ya pili itulie.

Kiitikio kikianza, zima hamoni. Waimbaji wenu wa sauti za alto na tena wapo, na njia zao hazifuati hesabu ya mashine, waachieni waimbe.

SWALI: Pedali ya gitaa langu ya kupandisha oktavu inatoa mikwaruzo nikipiga kodi (nota kadhaa kwa pamoja). Nimeiunga baada ya distoshini (pedali inayochafua sauti kwa makusudi).
Mpiga solo, Sakina, Arusha

JIBU: Itangulize: gitaa, pedali ya oktavu, distoshini, halafu dilei na rivabu, yaani za mwangwi. Distoshini huongeza sauti nyingi juu ya nota yako, na pedali inashindwa kuisoma. Baadhi ya pedali za aina hiyo husoma waya mmoja kwa wakati; kama yako ni hivyo, kwenye kodi izime. Ukitaka kodi zinenepe, tumia ditiuni (nakala ya sauti iliyopotoshwa kidogo) ya senti 8 hadi 10, senti 100 zikiwa nusu toni moja, iliyochanganywa chini ya sauti halisi. Ukifika senti 20, gitaa litasikika halijatyuniwa.